Nyumba ya Hisa 84

Kwetu nilikozaliwa nyumba hairithiwi. Nilikulia Kisegi, pande za Ziwa Viktoria, mahali ambapo kaunti za Homa Bay na Migori zinakaribiana, miongoni mwa Wasuba na Waluo. Huko kijana wa kiume akishakuwa barobaro hujijengea simba, kijumba chake mwenyewe karibu na lango la boma la babake. Akioa na kupata watoto, siku hufika akaondoka kwenda kuanzisha boma lake, yaani dala. Mzee akifariki na mkewe akamfuata, nyumba yao huachwa ianguke yenyewe. Baada ya miaka mahali hapo huitwa gunda. Pakilimwa, mahindi hustawi kuliko penginepo kwa sababu ya samadi ya zizi la zamani. Ama binti, yeye hata simba hajengewi. Kwake ni kwa mumewe, na kwa babake ni mgeni tangu siku anapozaliwa.

Sisemi haya kwa kuwadharau wazee wangu. Utaratibu ule una hekima yake, kwani ndugu hawagombei kuta. Nayataja ili msomaji aelewe nilivyostaajabu nilipohamia Zanzibar mwaka 2017 na kuingia katika nyumba ambayo waliokufa bado walikuwa na sauti ndani yake.

Baba yangu alisilimu Kendu Bay, mji wa ziwani wenye jamii ya Waislamu ya siku nyingi, kabla mimi sijazaliwa. Nami niliolewa na kijana wa Kizanzibari aliyekuja ziwani kutengeneza mashine za boti. Tuliishi Kisegi miaka minane. Yeye alikuwa na karakana yake ufukweni, mimi nikifanya biashara ya omena, hao dagaa wa ziwani, na nilikuwa na mtumbwi wangu niliowakodisha wavuvi. Baba mkwe alipofariki mwaka 2016, mama mkwe alibaki peke yake katika nyumba ya mawe ya vyumba 12 mtaa wa Kiponda, ndani ya Mji Mkongwe. Mume wangu ndiye mtoto wake pekee wa kiume. Dada yake ameolewa Pemba. Tukashauriana, tukaswali istikhara, tukafunga mizigo. Nikauza mtumbwi na shehena yote ya omena, na fedha zile nikazihifadhi kwa jina langu.

Wanangu watatu walikuwa wadogo. Kuhama nchi, hata kwa Mswahili kwenda kwa Mswahili mwenziwe, ni kuhama kweli. Shuleni walichekwa walipomwita mama wa baba yao nyanya, mpaka wakajua kwamba nyanya wa nyumbani huku ni bibi, na nyanya ya sokoni Darajani ni tungule. Mimi nilijifunza kufua bila ziwa na kupika mkate wa kumimina. Lakini hayo yote yalikuwa mepesi mbele ya nyumba yenyewe.

Nyumba ilikuwa inaumwa. Mabati ya paa yalikuwa yameoza, maji ya masika yakishuka ndani ya ukuta wa upande wa kusini. Dari la chumba cha juu lilikuwa limepinda katikati kama mgongo wa jahazi. Chini, ukuta uliopakwa saruji miaka ya nyuma ulikuwa ukibanduka vipande vipande, na chumvi ikitoka kama unga. Kila mgeni aliyeingia alikuwa na ushauri wa fundi, wa rangi, wa vigae. Mama mkwe alisikiliza yote kwa adabu, kisha jioni moja akatuambia, mimi na mwanawe: "Kabla ya fundi, nataka karatasi. Nyumba hii ina wenyewe, na wengi wao hawajui kama ni yao."

Hilo ndilo ninalotaka kuwaambia dada zangu wa Mombasa, Lamu, Malindi na kwingineko kwenye nyumba za aina hii. Nyumba kongwe ya ukoo ina miili miwili. Mmoja ni wa mawe na chokaa. Wa pili ni wa haki za watu. Nyingi tunazoziona zikianguka hazikukosa chokaa peke yake. Zilikosa kikao. Kila mrithi alingoja mwenziwe aanze, au aliogopa kutia fedha yake katika mali ambayo hajui sehemu yake ni ipi.

Hebu nieleze hesabu yetu, kwani huenda inafanana na yenu. Babu wa mume wangu alifariki zamani, wazazi wake wakiwa wametangulia. Aliacha mjane, watoto wawili wa kiume na mabinti watatu. Surat An-Nisaa imempa mjane mwenye watoto thumuni, sehemu moja katika nane. Kinachobaki ni cha watoto, wa kiume akipata fungu la wa kike wawili. Bibi naye alipofariki, thumuni yake iliwarudia watoto walewale kwa mizani ileile. Kwa hivyo nyumba nzima ikawa mafungu 7: ami wa mume wangu 2, baba mkwe 2, na kila shangazi 1. Baba mkwe alipofariki, mafungu yake mawili yakagawanyika tena: thumuni kwa mama mkwe, na kilichobaki kwa mume wangu na dada yake, mbili kwa moja.

Sheikh aliyetusaidia aliikata nyumba katika hisa 84 ili pasibaki vipande vya vipande. Ami, hisa 24. Mashangazi watatu, hisa 12 kila mmoja. Mume wangu, hisa 14. Wifi yangu, hisa 7. Mama mkwe, hisa 3. Shangazi mmoja alikuwa ameshafariki Mombasa, naye mumewe alimtangulia. Hisa zake 12 zilikwenda kwa watoto wake, 6 kwa mwanawe wa kiume na 3 kwa kila mmoja wa mabinti wawili.

Nilipoisoma karatasi ile niliketi kitako. Hisa 14 katika 84 ni moja katika sita. Katika vyumba 12, viwili ndivyo vya mume wangu. Tulikuwa tumekuja na watoto na vyombo kujenga maskani yetu ya maisha katika mali ambayo sehemu tano katika sita ilikuwa ya watu wengine. Si kwamba tulikuwa wavamizi, kwani wote walifurahi mama yao na shangazi yao apate wa kumtunza. Lakini furaha si idhini. Sheikh alitueleza kwamba mshirika akitengeneza mali ya shirika bila ridhaa ya wenzake, anaweza kuhesabiwa kuwa amejitolea, na kesho hana la kudai. Vilevile wenzake wanaweza kumdai kodi ya sehemu zao. Hapo ndipo udugu unapogeuka kesi.

Mfano wa hilo ulikuwamo ndani ya ukoo wenyewe. Ami aliondoka Unguja katika miaka ya 1970 kwenda Muscat, kama walivyofanya Wazanzibari wengi baada ya Sultan Qaboos kushika utawala wa Oman mwaka 1970 na kuwafungulia mlango wenye asili ya huko. Wakati ule nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilikuwa zimeshatwaliwa na serikali kufuatia Mapinduzi ya Januari 1964, hasa zile ambazo wenyewe walikwisha kukimbia. Hii ya Kiponda ilisalimika kwa sababu bibi hakuondoka. Miaka ya 1990 ami alituma fedha za mabati ya paa zima. Hakuna aliyeandika. Kwa wengine ilikuwa sadaka kwa mama yake. Kwake ilikuwa mali yake juu ya vichwa vya watu. Miaka zaidi ya ishirini neno hilo lililala kooni kwa pande zote mbili, na simu za Idi zikawa fupi kila mwaka.

Sasa akapatikana mnunuzi aliyetaka kuifanya nyumba hoteli ya wageni. Ami akataka iuzwe na kila mtu achukue chake. Sikumlaumu. Ana watoto na wajukuu waliozaliwa Oman, ambao kwao Kiponda ni jina tu. Bei iliyotajwa ilikuwa nzuri, na mwenye kutaka haki yake hahitaji kuomba radhi. Lakini mama mkwe alikuwa na miaka 74, na katika nyumba ile ndimo alimoingia kama bibi harusi.

Kikao kilifanyika katika ukumbi wa juu mwaka 2018, baada ya Idi. Wa Muscat na wa Mombasa walikuwa kwenye simu. Shangazi wa Dar es Salaam alikuja kwa boti. Shangazi wa Michenzani, anayeishi dakika kumi tu kwa miguu, naye alikuja, na ndiye aliyenitoa machozi. Sheikh alisoma majina na hisa kwa sauti, mmoja baada ya mwingine. Alipofika kwake akasema: "Fulani binti fulani, hisa 12." Bibi yule alinyamaza kidogo, akajifuta uso kwa ukingo wa kanga, akasema: "Miaka arobaini nakuja nyumba hii nabisha hodi. Leo ndiyo mara ya kwanza kusikia jina langu humu."

Hakuna aliyemnyima haki yake kwa makusudi. Kakaze walikuwa watu wa swala na saumu. Ila ada ilikuwa imekaa juu ya sheria kama saruji juu ya chokaa: binti kaolewa, ana kwake, ana mume wa kumtazama. Nikakumbuka Kisegi. Kule binti hana fungu na anajua hana. Huku alikuwa nalo, limetajwa na Mwenyezi Mungu mwenyewe, na hakujua limelala wapi. Sijui lipi linauma zaidi.

Kule Mombasa, watoto wa shangazi marehemu walidhani wamepigiwa simu ya rambirambi. Hawakuwa na habari kwamba mama yao aliwaachia chochote Unguja.

Kikao kile hakikwisha siku moja. Tulikutana mara nne katika miezi mitano. Yakapatikana makubaliano haya, na nayaandika kwa sababu wengi wameniuliza. Kwanza, nyumba haitauzwa kwa mtu wa nje maadamu kuna mrithi aliye tayari kununua kwa bei ya haki iliyokadiriwa na mthamini. Pili, mume wangu atanunua hisa 24 za ami kwa malipo ya miaka saba. Tatu, shangazi wa Michenzani atabaki na hisa zake, na chumba kimoja cha ghorofa ya kwanza kitakuwa chake kwa uhai wake, aje akae apendapo, bila kubisha hodi. Nne, duka la chini litapangishwa, na kodi yake igawanywe kwa hisa baada ya gharama za matengenezo ya msingi, yaani paa, dari na kuta. Mapambo na starehe, kama vigae na jiko jipya, ni juu ya anayekaa.

Na yale mabati? Kila mtu alikuwa akiogopa kuyataja. Shangazi wa Dar ndiye aliyesema: "Kaka, tuandike na mabati yako." Simu ilikaa kimya tukadhani imekatika. Kisha sauti ya ami ikaja kutoka Muscat: "Mabati yenyewe yamekwisha kutu. Mmeyakumbuka, basi. Nimeyasamehe." Nadhani kikao kilifaulu kwa neno hilo kuliko kwa hesabu zote za sheikh.

Likabaki suala la fedha zangu. Paa lisingengoja masika mengine, na kodi ya duka ilikuwa bado haijaingia. Fedha zilizokuwa karibu ni zile za mtumbwi na omena. Mume wangu aliona haya hata kuniomba. Kisheria sikuwa na wajibu; katika dini yetu mali ya mke ni yake, na makazi ya mke ni jukumu la mume. Zaidi ya hayo mimi ni Mkenya, na kwa Sheria ya Zanzibar ya Umiliki wa Ardhi ya mwaka 1992 haki ya ardhi ni ya Mzanzibari. Kama ningezitia fedha zile kimyakimya, zingezama ndani ya kuta za mawe na nisingekuwa na hata kokoto ya kuonyesha.

Mama mkwe aliniita chumbani kwake. Alikuwa ameketi juu ya kitanda cha samadari, tasbihi mkononi. Akaniambia: "Mwanangu, ukitaka kutoa sadaka, toa, Mola akulipe. Ukitaka kukopesha, kopesha. Lakini usinipe kitu ambacho hakina jina. Mimi nimeona miaka ishirini ya fedha isiyo na jina ilivyotukausha." Nikasema nakopesha. Akamwita mwanawe na majirani wawili, na waraka ukaandikwa kama aya ndefu ya deni katika Surat Al-Baqara inavyoelekeza: kiasi, muda, mashahidi. Fedha zile ni deni langu kwa washirika wote wa nyumba, na zinarudishwa kutoka katika kodi ya duka kabla ya mgao. Warithi wote waliridhia. Shangazi wa Michenzani alisema yeye angependa kuwa shahidi wa tatu, kwa furaha yake tu.

Nyaraka za mirathi zilipitia Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, ambayo Zanzibar ndiyo hushughulikia mirathi ya Waislamu pamoja na wakfu. Wenzetu wa Kenya mna Mahakama ya Kadhi, iliyotajwa katika Kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010, na mambo ya mirathi yamo katika mamlaka yake. Nyumba yenu ikiwa ya wakfu, si ya mirathi, basi mlango wake ni mwingine kabisa. Jambo la kwanza la kuuliza wazee ni hilo: je, hii ni mirathi au ni wakfu? Mali ya wakfu haiuzwi wala hairithiwi, hata warithi wakae vikao mia.

Baada ya karatasi ndipo akaja fundi. Ruhusa tuliiomba kwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyoanzishwa mwaka 1985, kwani huwezi kugusa jengo ndani ya Mji Mkongwe bila idhini. Mji huo wenye majengo zaidi ya 1,700 uliingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, mwaka mmoja kabla ya mji wa kale wa Lamu kufuata mwaka 2001.

Fundi wetu ni mzee wa makamo aliyejifunza kwa babake. Alitufundisha kwamba nyumba hizi huponywa kutoka juu kwenda chini. Paa kwanza, kisha mifereji ya maji ya mvua, kisha vyoo, kwa sababu bomba la choo linalovuja ndani ya ukuta huua nyumba kuliko mvua. Ndipo boriti, na mwisho kabisa lipu na rangi. Watu wengi huanza na rangi, akasema, kama kumpaka mgonjwa hina.

Kuta zetu ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa udongo na chokaa. Ukuta wa namna hiyo hupumua: unyevu huingia na kutoka. Saruji ni ngumu na huziba. Maji yakishaingia hayapati njia ya kutokea, chumvi hukaa nyuma ya lipu, na jiwe huoza taratibu kwa ndani. Ndiyo maana ule ukuta wa chini uliotengenezwa kwa nia njema ulikuwa ndio mbovu kupita wote. Tuliubandua wote, tukauacha ukauke msimu mzima, kisha tukaupaka chokaa. Na chokaa haina haraka. Matumbawe huchomwa kwa kuni, huzimwa kwa maji, kisha hulazwa shimoni kwa wiki nyingi ili ikomae. Wanangu walilitazama shimo lile kila wakirudi madrasa, na yule mdogo aliuliza kama kuna mtu amezikwa.

Boriti 19 zilibadilishwa. Boriti ni miti ya mikoko, ileile ambayo majahazi yalibeba kutoka Lamu na delta ya Rufiji hadi Uarabuni na Ghuba. Upana wa vyumba vyetu, kama mita tatu hivi, umefuata urefu wa mti huo. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za kale ni vyembamba na virefu kama njia. Nilipofika nilitaka kuvunja kiambaza nipate sebule pana kama ya Nairobi. Fundi aliniuliza kwa upole: "Mama, na boriti utazikalisha wapi?" Kiambaza kikabaki.

Kazi ilisimama miezi kadhaa mwaka 2020 kwa sababu ya korona. Kisha Desemba 25 mwaka huo sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba alilojenga Sayyid Barghash mwaka 1883, iliporomoka ikiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafa. Usiku ule sikulala. Nilitembea chumba kwa chumba na tochi nikitazama dari juu ya vitanda vya wanangu. Mume wangu akasema twende tukakae kwa jamaa ng'ambo mpaka fundi amalize ghorofa ya juu. Tukahama siku ya pili, mama mkwe tukimbeba kwenye kiti, naye akilalamika njia nzima kwamba nyumba imemstahimili miaka hamsini na itamstahimili na hiyo. Tulirudi baada ya miezi minne, dari zote zikiwa na boriti mpya. Kwa mtoto anayelala chini ya dari lililopinda, urithi wa dunia si hoja. Mwenye nyumba kongwe ajue kwamba kuna wakati wa kutoka.

Leo nyumba haijakamilika, wala sidhani kama nyumba ya mawe hukamilika. Kila baada ya masika tunapaka chokaa ukuta wa baraza, kama watu wa kwetu wanavyokandika upya nyumba za udongo. Duka la chini lina mshonaji. Deni langu limerudi zaidi ya nusu. Ami amelipwa awamu nyingi. Zilizobaki tunamwomba Mola wepesi, kwani kuna miezi ambayo karakana haina kazi na kuna miezi tumekula mihogo ili awamu iende Muscat kwa wakati. Wale binamu wa Mombasa walikuja mwaka jana, mara yao ya kwanza, wakaonyeshwa chumba alichozaliwa mama yao. Walipokea fungu lao la kodi, fedha kidogo tu, na mmoja wa mabinti akazifunga katika leso bila kuzihesabu.

Shangazi wa Michenzani huja kila Ijumaa. Habishi hodi. Hupanda moja kwa moja chumbani kwake, akafungua dirisha, na baada ya Alasiri hushuka kudai chai ya tangawizi kama mwenye nyumba, naye ni mwenye nyumba.

Wazee wangu wa Kisegi walipokuja kututembelea, baba alizunguka kuta zile zenye upana wa mkono mzima, akauliza ni ya nani. Nikamtajia watu wote, mmoja mmoja, pamoja na hisa zao. Alicheka sana. Akasema kwao mtu mmoja akifa nyumba yake hufa naye na mambo huisha. Kisha akatulia, akauliza swali ambalo sikulitarajia kwake: "Na wewe, mwanangu, kwangu una nini?" Mimi na yeye sasa tuko katika mazungumzo hayo, kwa simu, pole pole, kwani lipo shamba na wapo kaka zangu, na kwa Muislamu jibu lake linajulikana hata kama ada haijawahi kulitamka.

Dada zangu, katika miji yetu ya pwani zipo nyumba ambazo mlango wake mnaupita kila siku mkisema ni kwa babu. Waulizeni wazee wangali na kumbukumbu: babu alifariki lini, nani alikuwa hai siku hiyo, mabinti walikuwa wangapi na wameolewa wapi. Majina hayo yaandikwe kabla ya kununuliwa mfuko wa kwanza wa chokaa. Karatasi yetu sisi imo ndani ya kasha la mama mkwe, chini ya kanga zake za arusi, na kila mtoto wa nyumba hii aliyekwisha jua kusoma ameshaisoma.